Boila Haiwashwi kwa Mzee Onésime

Florine wa Wilfrid alifunga sanduku lake la vyuma, akajifuta masizi mikononi, akamwambia Mzee Onésime kwamba boila mpya ya kupasha nyumba joto imekamilika na kwamba yeye haiwashi.

"Imekamilika, lakini huiwashi," alisema mzee, polepole, kama mwalimu anayemsomea mwanafunzi upuuzi alioandika.

"Siiwashi."

"Basi nimenunua sanduku la chuma la kuanikia soksi."

Walikuwa wamesimama chini, katika chumba kilichochimbwa chini ya nyumba. Mzee alikuwa na miaka themanini na mmoja na kofia ya manyoya ambayo hakuivua hata mezani. Florine alikuwa na miaka arobaini na saba na suruali ya kazi iliyotoboka magotini. Nje ilikuwa Alhamisi ya katikati ya Januari, mwaka 1983, na baridi ya Bonde, lile bonde la kaskazini walikoishi, ilikuwa imefika kiwango kile ambacho watu huacha kukitaja kwa sababu hakuna faida. Boila ya zamani ilikuwa imepasuka Jumatatu. Tangu siku hiyo Onésime aliishi jikoni kando ya jiko la kuni, akilala kitini na viatu miguuni, na mabomba ya maji akayavisha mablanketi.

Peke yake angeweza kukaa hivyo mwezi mzima na kujisifia kanisani. Lakini mjukuu wake Ghislaine alikuwa njiani kutoka Connecticut na mtoto wa wiki saba. Mume wa Ghislaine alikuwa baharini na jeshi la majini hadi theluji iyeyuke, na babu alishamwahidi mjukuu chumba chenye joto kuliko vyote, kile kilicho moja kwa moja juu ya boila. Wangefika Ijumaa mchana, yaani kesho yake.

Chumba hicho ndicho kilichomfanya Florine atie ngumu.

Kazi yake mwenyewe hakuwa na shaka nayo. Dohani ya matofali ilikuwa pana mno kwa boila mpya, moshi mdogo ungepoa njiani na kutoa maji makali yanayokula saruji, kwa hiyo alikuwa amepanda juu ya paa Jumatano, upepo unamkata masikio, akateremsha bomba la chuma ndani yake kutoka juu hadi chini. Bomba la kutoka kwenye boila alilipandisha kwa mwinuko sawasawa, kila kiungo skrubu tatu. Kilango kidogo kinachochezacheza kwenye bomba hilo, kile kinachofunguka chenyewe upepo ukivuta kupita kiasi na kujifunga ukitulia, alikipima mara nne mpaka kikasimama wima. Fundi mwenzake angekuja kukagua asingepata pa kutia kidole.

Tatizo lilikuwa hewa. Moto unakula hewa kuliko watu, na usipoletewa ya kutoka nje utaitafuta popote. Nyumba isiyo na upenyo hata mmoja haina popote pa kuitoa, basi hewa huteremka kwa njia pekee iliyobaki, dohani, na moshi wote hugeuzwa na kurudi ndani. Ndani ya moshi huo kuna gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo humlaza mtu usingizi asiamke.

Na hakuna nyumba katika Bonde lote iliyozibwa kama ya Onésime. Wengine walizungushia kuta zao matawi ya msonobari kila mwezi wa kumi ili baridi isipenye chini ya sakafu. Onésime aliweka karatasi ya lami kwanza, kisha matawi, kisha magunia ya majani makavu, kisha matawi tena, na theluji ikianguka aliipiga kwa koleo mpaka ikawa ukuta. Madirisha aliyafunika nailoni ndani na nje. Tundu la funguo la mlango wa mbele lilikuwa na pamba. Watu walisimamisha magari barabarani kuangalia, na yeye alijitia hamnazo huku anachungulia nani amesimama.

Kulikuwa na dirisha dogo la chini, upande wa kaskazini. Mwaka 1951 Wilfrid, baba yake Florine, alipofunga boila ile ya zamani, alikitoa kioo chake na kuweka wavu wa waya ili moto upate kupumua. Kila mwezi wa kumi Onésime alilizika dirisha hilo chini ya matawi pamoja na mengine. Florine alimwambia mambo mawili tu: alifukue dirisha, na aliache wazi mwaka mzima.

"Nikae miaka sitini nikiitoa baridi nje," alisema mzee, "halafu leo nikufungulie wewe tundu uiingize ndani?"

"Tundu lenyewe ni kiasi cha kitabu. Nitaweka bomba lishuke mpaka karibu na sakafu, hata hutaisikia."

"Boila ya baba yako iliwaka miaka thelathini na mbili dirisha limezibwa. Mbona sikufa?"

Jibu Florine alikuwa nalo tangu Jumanne, na hakulitoa.

Jumanne hiyo, alipoiondoa boila ya zamani, alimulika tochi juu kuangalia mabomba. Kwenye boriti, mahali hasa kilango cha zamani kilipokuwa, palikuwa na doa jeusi la masizi lenye ukubwa wa sinia, na juu ya kifuniko cha boila kutu ilikuwa imechanika magamba magamba. Masizi ya namna hiyo hayaji siku moja. Ni moshi uliorudi majira baada ya majira, na fundi yeyote anayajua kama daktari anavyojua upele. Juu ya boriti ile palikuwa na mbao za sakafu, na juu ya mbao hizo kilikuwa kitanda cha Exilda.

Exilda alikuwa mke wa Onésime. Kila majira ya baridi kichwa kilimuuma, alitapika, alilegea, na kila Pasaka alipokwenda kwa binti yake Connecticut alirudi amekuwa kijana, watu wakasema hewa ya kule inampenda. Miaka sita iliyopita, mwezi wa pili, alilala mchana na hakuamka. Daktari aliandika moyo. Labda ulikuwa moyo kweli. Florine hakuwa na njia ya kujua, na hilo ndilo lililomtesa, kwa sababu doa la masizi si ushahidi wa mahakamani, lakini halikuwa kitu cha kulifumbia macho pia. Mzee alikuwa akilala chumba cha mbele kwa sababu ya kukoroma. Mzee hakufa.

Angeweza kumwambia pale pale, na dirisha lingefukuliwa kabla kahawa haijapoa. Lakini mtu wa miaka themanini na mmoja unamwambiaje kwamba huenda alimuua mke wake kwa koleo na matawi, tena kwa kumpenda? Florine alitaka ashinde kwa dirisha, asishinde kwa hilo.

"Mzee Onésime," alisema, "sheria inanikataza, na hata isingenikataza, nisingewasha."

"Binti Wilfrid, baba yako alikuwa na adabu."

"Alikuwa nayo. Alikwambia habari ya dirisha hili mara moja, ukamcheka, akakaa akacheza karata na wewe miaka thelathini. Mimi sichezi karata."

Maneno hayo yalimkata mzee maini, na Florine aliyasema akijua. Alikifungua kichomeo, akatoa pua yake, kile kipande cha shaba kidogo kinachopuliza mafuta, akakitia mfukoni mwa koti. Kisha akafunga kwenye swichi kadi nyekundu ya kukataza kuwasha, akaiandikia jina lake lote kwa herufi kubwa na tarehe. Mzee alimwangalia akiandika kama anavyoangaliwa mtu anayechora ukutani kwako.

"Réal muuza mafuta anazo pua za kichomeo ndoo nzima," alisema.

"Anazo."

"Nitampigia."

"Namba yake iko kwenye kalenda yako, mwezi wa tatu, chini ya picha ya farasi," alisema Florine, akapanda ngazi.

Kabla chakula cha jioni hakijatengwa, Réal alishampigia simu Florine. Réal alikuwa na duka la mafuta karibu na daraja na sauti ya mtu anayekula huku anaongea. Alisema amesikia fundi Florine amegoma. Alisema Bonde zima limesikia, na kwamba wanawake wengine hugoma kupika lakini huyu amepata cha juu zaidi. Florine alimwacha acheke mpaka akaishiwa, kisha akamuuliza kama atapima hewa kabla ya kuwasha.

"Mzee anataka joto," alisema Réal. "Mimi nauza joto. Kesho saa nne ninakuja na pua mpya na nitaitoa hiyo kadi yako ya Krismasi."

"Na mtoto je, Réal? Anayelala juu yake?"

"Sote tulilala juu yake, Florine. Nyumba zote za hapa ni hivyo hivyo."

Alikuwa anasema kweli, na hapo ndipo Florine alipopandwa na mori. Nyumba zote zilikuwa hivyo hivyo. Tangu mafuta yapande bei, kila mtu alijifunza kuziba na hakuna aliyejifunza kuacha pa kupumulia. Kila Januari palikuwa na mtu aliyelala na kesho yake akaitwa mgonjwa wa moyo au mzee wa siku zake. Yeye na baba yake walikuwa wameingia katika nyumba hizo kwa miaka, wakasema mara moja kwa adabu, wakanywa chai, wakawasha. Alikata simu bila kuaga. Kuku na madonge ya unga ya kuchemsha vilipoa mbele yake kwenye sahani.

Ijumaa saa mbili asubuhi alikuwa anagonga mlango wa Onésime. Mzee alimfungulia haraka mno, kwa sababu alidhani amekuja kuomba msamaha, na uso wake ulikuwa umeshajiandaa kuupokea. Jikoni kulikuwa na harufu ya mikate myembamba ya ngano nyeusi ambayo alikuwa akiigeuza juu ya jiko, rundo kubwa, ya kumpokea mjukuu.

"Umelala ukafikiri," alisema.

"Nimelala nikafikiri. Nipe robo saa na kiko chako."

"Kiko changu cha nini?"

"Tunaweka dau. Naiwasha boila sasa hivi, dirisha limezibwa hivyo hivyo unavyolipenda. Wewe mwenyewe utapulizia moshi wa tumbaku yako pale kwenye kilango. Ukivutwa ndani kwenda dohani, umenishinda. Naiacha inawaka, na Jumapili baada ya misa nasimama mlangoni mwa kanisa nawaambia watu Onésime alikuwa sahihi na binti Wilfrid hajui kazi."

Mzee aliacha mkate mmoja uungue. Hakuna mtu wa Bonde anayeweza kukataa dau la namna hiyo, na Onésime kuliko wote.

"Utasema kwa sauti?"

"Kwa sauti. Na Réal awepo."

Walishuka. Florine alirudisha pua mahali pake, akafungua mlango wa juu wa ngazi uwe wazi kabisa, akawasha. Boila iliguruma na kutulia. Mzee alikitia kiko moto, akavuta mpaka mashavu yakaingia, akapuliza kwenye kilango. Moshi ulinyooka na kumezwa ndani ya bomba. Akapuliza tena, ukamezwa tena. Alicheka kicheko kirefu chenye kikohozi ndani yake.

"Jumapili vaa koti zuri," alisema.

"Bado. Hivyo ni kwa mlango wazi, na huko juu hakuna kinachovuta hewa na kuitoa nje ila jiko. Sasa tuishi kama atakavyoishi Ghislaine. Funga mlango. Washa feni ya jikoni, maana atapika. Washa mashine ya kukaushia nguo, maana mtoto ana nepi. Ongeza kuni mbili."

Mzee alipanda mwenyewe. Hakutaka aambiwe kwamba binti Wilfrid ameongeza kuni tatu. Florine alimsikia akitembea juu, feni ikaanza kuvuma, mashine ya nguo ikaanza kuzunguka, mlango wa jiko ukalia, kisha mlango wa ngazi ukafungwa kwa kishindo. Alirudi chini na kiko mdomoni, akaegemea ukuta, akasubiri kama mtu anayesubiri kulipwa. Florine alikuwa amechomeka kwenye bomba kipimo chake cha nguvu ya dohani kuvuta moshi na alikuwa anaangalia sindano ikishuka, taratibu, kuelekea sifuri. Hakumwonyesha. Sindano ni ya fundi, na mzee angesema imetengenezwa kusema uongo.

Zilipita dakika saba hivi.

"Haya, puliza," alisema.

Mzee alipuliza. Moshi ulikwenda mpaka kwenye kilango, ukasimama, ukageuka, ukamrudia usoni.

Alipuliza tena kwa nguvu zaidi, kama vile kosa ni la mapafu yake. Kilango kilitikisika na kutoa pumzi ya moto yenye harufu ya mafuta, na moshi wa tumbaku ukakunjamana mbele yake na kupanda juu. Florine alizima swichi pale pale na kukimbia kufungua mlango wa ngazi. Aliposhuka, alitegemea kumkuta mzee ana hasira, au ana neno la kujitetea, na alikuwa ameshaandaa majibu matatu.

Mzee alikuwa ameinua uso. Alikuwa ameufuata moshi wake kwa macho ulikokwenda, na ulikwenda kwenye boriti, kwenye doa jeusi, ukawa unatambaa juu yake kama unapajua. Kisha akanyoosha mkono, akagusa masizi, akayaangalia kwenye ncha za vidole.

"Hii harufu," alisema. "Nilikuwa nadhani ndiyo harufu ya nyumba yenye joto."

Alivisugua vidole.

"Masizi haya ni ya siku nyingi."

"Ndiyo."

"Uliyaona lini?"

"Jumanne."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Alikuwa anahesabu, si siku bali miaka, na Florine alimwona akifika mahali alipokuwa anakwenda. Alitazama tena juu, zile mbao, akazifuata mpaka kwenye kona ambako miguu ya kitanda ingekuwa.

"Alikuwa anasikia baridi," alisema. "Kila mwaka ananiambia Onésime, kichwa kinaniuma, nasikia baridi, na mimi naongeza matawi upande wake. Upande wake ni mnene kuliko zote. Kwa nini hukuniambia Jumanne?"

"Nilitaka ukubali dirisha. Sikutaka ukubali hilo. Tena hakuna anayejua, Mzee Onésime. Daktari alisema moyo."

"Daktari hakushuka huku chini."

Alikiweka kiko juu ya boila mpya, akapanda ngazi, na Florine alidhani anakwenda kukaa kitini pake. Aliposikia mlango wa nje ukifunguliwa alimfuata mbio, akamkuta ameshashika koleo na amezunguka upande wa kaskazini. Hakuwa amevaa glavu. Aliupiga ule ukuta wa theluji aliouchonga kwa miezi mitatu, ukapasuka vipande vikubwa, akavirusha nyuma bila kuangalia vinaangukia wapi. Kisha akaanza kuyang'oa matawi kwa mikono.

Dirisha dogo lilitokea, na wavu wa Wilfrid ukaonekana, una kutu lakini mzima.

"Basi, yatosha," alisema Florine. "Ni hilo tu. Kwingine kuache, mabomba yako yataganda."

Mzee aliendelea. Alipita dirisha akaendelea na ukuta wa chumba cha Exilda, magunia, majani, karatasi ya lami, vyote akavipasua. Florine alishika tawi moja amsaidie, naye akamnyang'anya.

"Niliweka mwenyewe," alisema. "Nitatoa mwenyewe."

Hapo ndipo Réal alipofika, saa nne kasoro, na lori lake na kisanduku chake, na tabasamu aliloliandaa njiani. Aliona matawi yametapakaa mpaka barabarani. Alimwangalia Florine, akamwangalia mzee, akauliza boila iko wapi aiwashe. Onésime alinyooka, akamwelekezea koleo kifuani.

"Kwangu fundi ni huyu," alisema. "Rudi dukani kwako ukafungue na wewe dirisha lako."

Réal alicheka kidogo, akaona hakuna mwenzake wa kucheka naye, akaacha. Lakini hakuondoka. Watu wa Bonde hawaondoki mahali penye jambo, na Réal hakuwa tofauti, na magari mengine mawili yalikuwa yameshapunguza mwendo barabarani. Onésime aliyaona. Zamani angejifanya hayaoni. Safari hii aliyageukia, akayakodolea macho mpaka yakasimama kabisa, kisha akarudi kung'oa. Mikono yake ilikuwa imechanika na utomvu wa msonobari uligandana na damu.

Gari la Ghislaine liliingia uani mapema kuliko alivyosema, limejaa chumvi ya barabarani hadi kwenye vioo. Alishuka akiwa bado na usingizi wa safari, mrefu, ana koti jepesi la watu wa kusini, na mtoto amemfunga kifuani ndani ya koti hilo. Alisimama akaitazama ile nyumba ambayo utotoni mwake wote ilikuwa imevaa matawi, sasa ubavu mmoja uko uchi mpaka kwenye mawe ya msingi.

"Babu, unafanya nini?"

Florine alikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote, na alipanga kusema ni habari ya hewa, ni kanuni mpya, babu anasaidia tu. Alifungua mdomo. Mzee alimkatiza.

"Bibi yako hakufa kwa moyo," alisema, kwa sauti ambayo Réal aliisikia na watu wa barabarani waliisikia. "Nilimzibia hewa mimi. Miaka yote hiyo. Moshi ulikuwa unarudi, unapanda kitandani kwake, na mimi naziba."

"Mzee Onésime, hilo hujui," alisema Florine. "Hakuna anayejua."

"Usinitetee, binti. Wewe hukuja kunitetea. Ulikuja kunikatalia, endelea hivyo hivyo." Akawageukia wale wa barabarani. "Na nyie, mmesikia? Mmekuja kila mwaka kuangalia jinsi ninavyoziba. Nendeni mkaangalie kwenu."

Ghislaine alikuwa ameweka mkono juu ya kichwa cha mtoto, na haikujulikana kama atamlilia bibi yake au atamwendea babu. Alipiga hatua moja kuelekea mlangoni, kama mtu anayefanya kile miguu imekizoea, kuingia nyumbani kutoka kwenye baridi. Mzee alitupa koleo, akamtangulia, akasimama mbele ya mlango wake mwenyewe na mikono yake ya damu ameitandaza kwenye miimo.

"Mtoto haingii," alisema. "Akae garini, washa joto la gari. Haingii humu mpaka Florine wa Wilfrid ashuke, aiwashe, apime, feni inavuma, nguo zinakauka, kila kitu. Akisema leo, ni leo. Akisema mwezi ujao, utalala kwake mpaka mwezi ujao."

Florine alipita chini ya mkono wake akaingia. Alifunga milango yote, akaacha feni inavuma na mashine inazunguka, akashuka chini ambako hewa ya baridi ilikuwa imeanza kuingia kwa dirisha la baba yake na kumpapasa vifundo vya miguu. Aliwasha. Sindano ilipanda na kusimama pale inapotakiwa kusimama, na kwa dakika kumi haikutikisika. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuiangalia kwa nusu saa nzima, kisha akaongeza robo. Huko juu hakuna aliyekuja kumharakisha.